Tandiko Jeupe la Chumba cha Nyuma

Nengo, Gisenyi

Mke wangu Zainabu,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Kifua cha mwanetu Idi kimepona? Na mgongo wako? Mimi mzima, nakula viazi mpaka nafanana navyo.

Wacha nikupe habari za ile kazi. Mama Aline, mwenye nyumba ya wageni, alitaka matandiko ishirini, moja kwa kila chumba, cha nyuma kikiwemo, na yasifanane hata mawili. Akasema nikiyatimiza, chumba cha nyuma ni chetu, nikuite. Nikikwama, kazi na chumba anampa fundi mmoja wa kule Mahoko. Tena ana sharti lake: kila tandiko liwe na vipande tisa, mistari mitatu ya vipande vitatu, vyeusi na vyeupe. Vyeusi vianzie kushoto bila kuachana, na mstari wa chini usiuzidi wa juu kwa weusi. Anataka weusi ushuke kama ngazi.

Nilikubali harakaharaka, unanijua. Nikashona kumi na nane, nikakwama. Kila jipya nililopanga, nikilitazama vizuri, nimeshalishona.

Nikamwaga vipande mezani, nikahesabu kwa kufuata mstari wa juu. Ukiwa na cheusi kimoja, mistari ya chini inapangika kwa namna tatu. Ukiwa na viwili, sita. Ukiwa na vitatu, kumi. Katika hizo kumi nilikuwa nazo tisa. Iliyokosekana ni ya weusi mtupu! Sikuwahi kuifikiria, maana kwetu mafundi kitambaa cha rangi moja si mchoro. Basi na weupe mtupu nao unatii sharti: hakuna cheusi, hakuna kilichokosea. Ishirini kamili, na la ishirini na moja halipo.

Nilifurahi, kisha nikaogopa. Kwa sisi tuliolelewa Ujiji, tandiko jeupe tupu kitandani linakumbusha sanda. Nililishona huku nasoma dua.

Jana nikampelekea yote. Akayalinganisha moja moja, akafika kwenye jeupe, akaligeuza huku na huku. Nikakuona wewe na Idi mkibaki hukohuko.

“Bon,” akasema kwa Kifaransa chake cha kusema sawa, “hii siweki kwa bageni, itachafuka mbio na ile vumbi ya volkano. Weka kwa chumba yako. Bibi yako akuye.”

Huku bibi ni mke, na akuye ni aje, usinune.

Basi njooni. Chumba kina dirisha, na ukisimama pembeni unaona ziwa kidogo. Si Tanganyika yetu, lakini ni maji. Nisalimie mama mkwe, mwambie migebuka yake ya kukaanga naiota. Na shemeji kinyozi, amnyoe Idi kabla ya safari.

Usisahau nyuzi zako za kutarizi. Lile jeupe nimelitandika, lakini sijalilalia. Usiku nimelala mkekani. Sharti la Mama Aline halituhusu sisi. Anzia kona yoyote, utie rangi uitakayo.

Mumeo akungojaye,
Rajabu