Adapta ya Bwana Tabasamu

Shoga, mwanao asikanyage duka la Bwana Tabasamu. Asikanyage kabisa.

Jana nilimwambia nataka adapta ya kuchomeka waya wa intaneti kwenye laptop ya binti yangu. Leo asubuhi alikuwa na mahojiano ya kazi ya mtandaoni, na wifi yetu unaijua, inakatika kama pumzi ya mgonjwa. Nikamwambia kabisa, tundu la laptop ni dogo, jembamba. Hata usoni hakuniangalia. "Mama, hizi zote ni sawa. Nenda kachomeke tu."

Zote ni sawa. Asubuhi kichwa cha adapta kipana, hakiingii. Binti akafanya kwa wifi hiyohiyo. Swali la pili, sura ikaganda, ikapotea. Hawajampigia mpaka sasa. Kajifungia chumbani, chakula hagusi, roho yangu iko juu juu.

Nikarudi dukani. Akatabasamu. "Ikishafunguliwa hairudi. Ungesoma boksi, mama."

Ungesoma. Mimi niliyeishia shule ya msingi, ananiambia ungesoma.

Nikakaa kwenye benchi lake la wateja, na ndipo ninapokuandikia. Kila anayeingia namwonyesha adapta yangu. "Umekuja na laptop yako? Kama hukuja nayo, utauziwa hii." Wanageukia mlangoni.

Sasa hivi kaniletea ya kichwa chembamba, kwa mikono miwili. Tabasamu hana. "Mama yangu, yaishe."

Nimeipokea, nimeitia mkobani. Nikamwambia, "Hii ni ya laptop. Ya mahojiano ya mwanangu bado hujanipa."

Benchi sijaliacha.