Kitanda cha Dirishani

Busia, Jumapili

Mama mpendwa,

Apio amenifikishia salamu zako na njugu. Njugu tulizimaliza siku hiyohiyo, mimi na wenzangu wa chumba. Benedeta anauza mitumba, na akilala anakoroma. Daphine anashona sare za shule na hakuwa akigusa ufagio, basi nikaandika zamu nikaibandika ukutani. Alininunia siku mbili. Sasa anafagia.

Mkono umepona. Jana nilibeba jerikeni ya maji kutoka bombani bila kupumzika.

Unasema nirudi kwa Emoit, eti mke wa mtu hakai chumba cha kupanga na wanawake. Sirudi, Mama. Na mjomba usimtume tena.

Miaka sita ya ndoa ulikuwa ukija asubuhi na kuondoka kabla ya giza, kwa sababu mila haikuruhusu kulala nyumbani kwa mkwe wako. Kila nilipopata ujasiri wa kukuambia anavyonipiga, ulikuwa umeshashika njia. Hapa hakuna mkwe. Kitanda changu kiko dirishani, nami nimenunua mkeka wa kulalia chini. Njoo na shuka lako.

Mwanao asiyerudi nyuma,
Adeke