Kabla Hujavuka Kobero

Zaituni, mdogo wangu mpendwa,

Nimeketi mbele ya cherehani tangu asubuhi na sijamaliza hata sare moja ya shule. Nimeshona mikono miwili ya kulia kwenye shati moja, nikaifumua, nikaishona tena vilevile. Wifi yako kaniuliza kama naumwa. Nikamjibu sina kitu, nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi, nikainuka tena. Ananijua huyu. Kaondoka akicheka, akasema kiti changu leo kina misumari.

Ni ule ujumbe wa sauti ulionitumia juzi. Nimeusikiliza mpaka simu imeisha chaji. Umesema Jumamosi unavuka mpaka wa Kobero kurudi kwetu, mara ya kwanza tangu ukimbie na wanao miaka ya vita, na unataka nikupokee mpakani twende pamoja Butihinda kuona shamba la marehemu mumeo. Hapo nilifurahi nikapiga meza kofi. Halafu ukashusha sauti, ukasema kwa hicho Kiswahili chako cha Tanzania kilichonyooka: "Kaka, kuna jambo moja. Nimesikia Bahati amefariki. Kabla sijavuka niambie, ni yeye aliyemwambia baba habari za ziwani? Nataka nimsamehe kwa jina lake, nisirudi nyumbani na kinyongo."

Namjua aliyemwambia baba. Nimemjua miaka yote hii. Naandika kwa sababu kwenye simu nitajiumauma, wewe utanikatiza, na mwishowe tutaishia kuzungumza bei ya mchele. Lakini nikishakujibu, sina hakika kama Jumamosi utataka kuniona. Ndiyo maana sikaliki.

Nivumilie nianzie mbali kidogo. Unakumbuka mteremko wa nyuma ya nyumba yetu hapa mtaani Yoba, Gitega? Tulikuwa tunakata shina la mgomba, tunalipanda wawili wawili, tunateleza hadi chini kwenye uzio wa miyenzi, ile miti ya utomvu. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa mtaa, na usibishe. Siri yake ilikuwa kuegama nyuma. Ukiegama nyuma ukachimba visigino ardhini, unasimama kabla ya uzio. Ukijitupa mbele, unatoka na utomvu machoni. Nilikufundisha mwenyewe, kwa majivuno mengi, kama mtu aliyevumbua mteremko.

Ndipo likizo ndefu ile baba akatuachia twende ziwani kwa mama mkubwa, kule kusini ya Rumonge. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi na sita. Tulipanda pikapu ya Bahati, yule Mkongo wa milima ya Kivu ya Kusini aliyekuwa akinunua ndagala, huko mnaziita dagaa, kando ya ziwa na kuziuza hapa Gitega na Muyinga. Alikuwa Mkristo, sisi Waislamu, lakini kila akifika mjini alikuja kunywa chai kwenye kibaraza cha baba huku baba akishona. Baba hakuwa mwepesi wa kuamini mtu, ila huyo alimwamini hadi akampa watoto wake. Njia nzima ya kushuka ulitapika, Bahati akawa anasimama kila baada ya kona mbili, anakupa limau unuse, anakuambia pole kama wewe ni mwanawe.

Ufuko ule ulikuwa mdogo na hauna watu. Mitumbwi mitano sita, ndagala zimeanikwa mchangani, mama mkubwa anazifukuzia kunguru. Asubuhi ziwa lilikuwa limelala. Kwenye saa tano upepo wa kusini ulianza, na mawimbi yakaja yamepangana, yakawa yanavunjika hatua thelathini hivi kutoka mchangani, palipokuwa na kina kifupi. Watoto wa pale walikuwa na vipande vya mbao za mitumbwi iliyokufa. Walilala juu yake kifudifudi, wakasubiri, na wimbi likawaleta mpaka nchi kavu wakipiga kelele. Sisi wa milimani tulisimama na viatu mkononi, tumeachama.

Mama mkubwa alitupa ubao mmoja uliokuwa ukizibia banda la kuku. "Munaenda mu mayi na akili zenu," alisema. "Mukizama, mi nitamwambia nini baba yenu?"

Nilianza mimi, bila shaka. Bingwa wa Yoba. Wimbi lilipofika nilifanya nilichokijua: nikaegama nyuma. Ubao ukanyanyuka mbele, wimbi likapita chini yangu likaenda zake, nikabaki palepale nimekumbatia ubao. Likaja la pili, nikaegama zaidi. La tatu likanigeuza, nikanywa maji. Siku nzima, Zaituni! Watoto wa pale walikuwa wanakaa chini kwa kucheka. Mmoja wa wavuvi, akishona wavu wake, akanipigia kelele: "We mutu wa mulima! Ukiegama nyuma inakuacha! Tupa kifua mbele!" Nilimsikia vizuri. Mwili ndio uliokataa. Kila nilipoliona lile jambo linakuja kwa nyuma yangu, mgongo ulirudi wenyewe kutafuta ardhi ya kuchimba visigino.

Wewe uliegama nyuma mara mbili tu. Mara ya tatu ulijitupa mbele kama mtu anayemkimbilia mama yake, na wimbi likakuchukua. Nilikuona ukipita mbele yangu, mdomo wazi, hutoi hata sauti. Siku ya nne ulipiga magoti juu ya ubao. Wiki ya pili, mchana, upepo ukiwa mkali, ulifunga khanga yako juu ya gauni vizuri, ukangoja mawimbi madogo yapite, ukachukua kubwa, na ukasimama. Ulisimama, mdogo wangu. Kwa miguu miwili, mikono imekaa wazi, ukaja mpaka mchangani, ukashuka kama mtu anayeshuka kwenye ngazi ya nyumba yake.

Wavuvi waliacha nyavu wakapiga makofi. Bahati alikuwa mchangani anafunga magunia, nguo zake kavu kabisa, kwa sababu yule mtu alikuwa anaogopa ziwa hata la kifundoni. Alisimama akashika kichwa. "Eh, huyu mutoto iko na moyo! Mi siwezi, vraiment, hata munilipe!" Ulinitafuta kwa macho. Ulikuwa unacheka, maji yanakutiririka, ukaniita, "Kaka, umeona? Umeniona?"

Nilikuona. Nikakwambia ubao wako ulikuwa unayumba.

Tuliporudi Gitega, baba alikuwa kwenye cherehani hii hii. Aliniuliza habari za ziwa bila kuinua macho. Hakuwa anachunguza, alikuwa anaongea tu na mwanawe. Ningeweza kumwambia habari za ndagala. Nilimwambia kwamba wewe ulisimama juu ya ubao mbele ya wanaume, na nguo zimekulowa, na wakapiga makofi. Akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"We ni mukubwa," akasema. "Sema kweli. Nani alimufundisha?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kunyamaza. Sikunyamaza. Nikasema, "Ni Bahati. Alimushika mukono mu mayi."

Ni mimi, Zaituni. Ni mimi niliyemwambia baba, na cha mkono nilikitunga mwenyewe. Bahati hakuingia majini hata siku moja, wewe unajua. Mvulana wa miaka kumi na sita hakuweza kuvumilia kuona mdogo wake wa kike anafanya kitu kilichomshinda yeye. Sababu ni hiyo, hakuna nyingine. Nimeitafuta kubwa zaidi ili nisione aibu hivi, sikuipata.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Baba hakukupiga, hakukuuliza, na nafikiri kule kutokukuuliza ndiko kulikokuumiza. Ulitolewa shule. Kabla ya likizo ndefu nyingine kufika, posa ya Saidi wa Muyinga iliyokuwa imekataliwa mara moja ilikubaliwa. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Bahati alikuja kibarazani kama kawaida yake, akasalimu, na baba akaendelea kushona kana kwamba hakuna mtu. Alisimama pale na kifuko chake cha ndagala muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi. Akaweka kifuko kwenye ngazi, akaondoka. Wewe ukadhani alikuwa amejisifu sokoni kuhusu wewe hadi baba akasikia, na ndiyo maana anafukuzwa. Ulinung'unika hivyo mbele yangu, siku unafunga mizigo yako ya kwenda Muyinga. Nikakukubalia kwa kichwa.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nakutana na Bahati hapa sokoni. Alikuwa amezeeka, gari ameuza, ana meza ndogo ya ndagala. Aliniuliza jambo lilelile kila mara: "Zaituni iko wapi sasa? Iko muzima?" Nilimwambia uko Tanzania, mzima, una watoto. "Bon, Mungu ni mukubwa," anasema, ananipimia na kuongeza za juu. Siku aliyozikwa nilisimama nyuma kabisa, karibu na barabara, na kabla hawajamaliza kuimba niliondoka.

Najua utakachofikiria: kwamba Saidi alikuwa mume mwema. Uliniambia hivyo mwenyewe tulipomzika baba, kabla hujakimbia, na mimi nililishika neno hilo miaka yote, nikijiambia basi hakuna kilichoharibika, mbona mambo yalikaa sawa. Saidi alikuwa mwema kwa sababu ya mama yake aliyemlea. Mimi sikuchangia kitu. Nilikutupa tu, ukaangukia mtu mzuri.

Sasa nikwambie kitu ambacho hata wifi yako hakijui. Kiangazi kilichopita nilimuaga nikisema naenda Bujumbura kununua vitambaa, nikapitiliza mpaka ufukoni kwetu. Ziwa limepanda, limekula lile banda na nusu ya mchanga. Watu ni walewale, yaani wajukuu zao. Niliazima ubao kwa mama mmoja aliyekuwa anasugua sufuria, nikavua shati, mzee na kitambi changu hiki, nikaingia. Ungeniona ungekufa kwa kicheko. Nikaegama nyuma, naapa, mwili hausahau. Wimbi likaniacha. Likaniacha la pili. Yule mama akachoka kuangalia, akapiga kelele na sufuria mkononi: "Mzee, lala mbele! Unaogopa nini? Wimbi iko kwa nyuma, haiko kwa mbele!"

Nilifumba macho nikajitupa. Wimbi lenyewe lilikuwa dogo, la kitoto. Lakini lilininyanyua kwa miguu, likanisukuma, na kwa muda wa kupumua mara tatu au nne sikuwa na uzito, sikuwa fundi, sikuwa kaka wa mtu, nilikuwa naenda tu. Nilifika mchangani nikalala palepale kifudifudi nalia, yule mama akaja mbio akidhani nimevunjika. Maana ndiyo kwanza nijue nilichokunyang'anya. Mpaka siku ile nilidhani nimekunyang'anya mchezo.

Na hata baada ya hapo nilikaa mwaka mzima sikukwambia. Nilikuwa nasubiri unisahaulishe wewe kwa kutouliza. Umeuliza.

Basi jibu lako: Bahati usimsamehe. Hakukukosea chochote. Kama una neno la kumwambia, mwambie pole, maana ulimchukia bure na mimi nilikuachia umchukie. Siku ukitaka nitakuonyesha alipozikwa, na kwa mwanawe wa kike anayeuza pale sokoni nitakwenda mwenyewe kumwambia baba yake hakuwa na kosa. Hilo nitalifanya ukija au usipokuja.

Barua hii naipeleka leo hii kwa dereva wa lori anayelala Muyinga na kuvuka kesho alfajiri kwenda Kabanga, upande wenu. Amenihakikishia kesho hiyohiyo ataiacha kwenye lile duka ulilonielekeza. Naipeleka makusudi ikufikie kabla hujavuka. Ningeweza kuiweka mfukoni nikupokee kwanza, nikubebee mzigo, tucheke, tule, nikusomee tukishafika Butihinda ambako huwezi tena kugeuka. Nimeifikiria njia hiyo sana, na nimeona ni kumfanyia hila mtu yuleyule mara ya pili.

Jumamosi nitakuwa Kobero kuanzia saa mbili asubuhi, upande wetu, pale wanapokaa wabadilisha pesa, ili unione hata ukiwa bado upande wa pili. Nitavaa shati jeupe. Ukiniona ukageuza, geuza, dada yangu, una haki. Sitapiga simu, sitatuma watu kukubembeleza, na wanao sitawaambia kitu. Malori yatapita, watu watavuka, na mimi nitasimama kutazama kila mwanamke anayekuja, mpaka wa mwisho.

Allah akufikishe salama, popote utakapochagua kufika.

Kaka yako