Orpa Yuko Nyuma ya Harusi

Jumatatu, 4 Agosti 2014

Nimerudi kutoka Mbarara na diski ya nje. Nyeusi, ndogo, inaingia kwenye mfuko wa koti. Siraje, fundi wangu wa kompyuta pale mjini, aliitegea sikio laptop yangu kama daktari. Tiki, tiki, tiki. Akatikisa kichwa. Diski ya ndani ni mgonjwa, kasema, inaweza kufa hata kesho. Nifanye bakapu, yaani nitoe nakala ya kila kitu kabla haijafa. Akaniwekea na programu ya kuifanya.

Nimeogopa kweli. Picha zote za Rubondo, zone yetu ya kambi ya wakimbizi, zimo humo! Tangu nifungue studio, nani amefunga ndoa, nani amebatizwa, nani amezikwa bila mimi kusimama pale na kamera? Watu tulikimbia Kongo bila hata picha moja. Tulizo nazo ndizo hizi.

Nimeianzisha. Adolphe, mume wangu, anasema kabla ya chakula itakuwa imemaliza. Haya, tuone.

Jumanne, 5 Agosti 2014

Tumekula, tumelala, tumeamka, tumekunywa chai. Bado! Mstari wa kijani umesogea kidogo tu, kwa kuringa.

Nimempigia Siraje nikamgombeza. Akacheka, akaniita mama kwa lugha yao. — Nyabo, hii ya kwanza inahamisha nyumba yote. Ile ingine itabeba vitu mpya peke yake, itaisha mbio.

Na tena, kasema, film moja kubwa inapita upesi kuliko maelfu ya picha ndogo, maana kila picha lazima ifunguliwe, isomwe, iandikwe, ifungwe. Halafu antivirus nayo inakagua kila moja, kama askari kwenye kizuizi cha barabarani. Na tundu la USB la laptop hii ni la zamani, linapitisha pole pole. Nizime antivirus? Thubutu! Flash za watu wa hapa zimejaa virusi.

Amenionya mambo mawili. Nisifungue kitu kingine, kwa sababu diski mgonjwa ikikimbizwa huku na huku itakwama. Na nisikatize. Programu inafunga kila kitu katika furushi moja, na furushi lisipofungwa, naanza upya. Diski hii haitavumilia kuanza upya.

Mchana nimekwenda kuteka maji. Kurudi — kioo cheusi! Mawingu yalifunika sola, laptop ikajilalia. Moyo ulinipasuka. Nimeiamsha, ikaendelea pale ilipoachia. Asante Yesu. Siendi tena popote.

Jumatano, 6 Agosti 2014

Programu inafuata alfabeti. Imefika H. Harusi.

Ndipo nimeelewa tulivyojitakia wenyewe. Kwetu, upande wa bibi hauwezi kwenda kuomba picha kwa upande wa bwana. Aibu gani hiyo! Utasemwa mpaka uhame zone. Basi kila harusi naiweka mara mbili, folda ya bibi na folda ya bwana. Na kanisa nalo linataka ya kwake. Programu haijui mambo ya wakwe. Inabeba keki ileile, shela ileile, mjomba yuleyule anayelia, mara tatu. Adolphe kasema nipunguze siku nyingine, nibakize moja moja. Nikamuuliza, utawajibu wewe hao mama wakwe? 

Jioni amekuja Papa Nehemiya, anayeuza ndizi karibu na kanisa. Jina lake limetoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa ng'ambo! Ijumaa asubuhi basi linampeleka Kampala, kisha ndege, Amerika. Yeye na Divine, binti yake mdogo. Nimeruka kwa furaha, nikamkumbatia. Yeye hakufurahi.

Mkewe Orpa tulimzika mwaka jana. Simu iliyokuwa na picha zake iliibwa. Nikamwambia asihangaike, film ya maziko ninayo. Akakataa kwa mkono.

— Ile ya maziko hapana, Mama Georgette. Unipatie mahali, fasi yenye alicheka. Divine anasahau sauti ya mama yake.

Nakijua kicheko hicho. Mazoezi ya kwaya, Orpa akaanza wimbo juu mno, sauti ikakatika, akacheka mpaka akaketi chini. Kwaya nzima ikamfuata. Nilikuwa nimeshika kamera, nayo ikatikisika.

Iko kwenye K. Kwaya. Orpa yuko nyuma ya harusi za Rubondo nzima.

Alhamisi, 7 Agosti 2014

Harusi.

Nehemiya anapita, anachungulia. — Imefika fasi gani? Harusi. Anakwenda kufunga mizigo, anarudi. — Na sasa? Harusi. Amekuwa mpole mno, heri angenitukana.

Nikasema nitakutumia, Papa. — Utatuma wapi? Hata jina ya ule muji siwezi kuitamka.

Siraje simuni: usiguse. Nikamweleza habari ya Orpa. Akasema pole sana, halafu akasema usiguse.

Sina raha.  Folda za watu wote ziko humo, na mtu mmoja anaondoka kesho.

Ijumaa, 8 Agosti 2014

Bado harusi. Basi limeshafika, mizigo inapanda.

Nimeisimamisha. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu. Programu iliuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo kabla sijaogopa. Adolphe ameshika kichwa, katoka nje.

Sasa film ya Orpa inaingia kwenye flash. Naandika hapa kaunta, maana nikiukodolea macho ule mstari nitapiga kelele. Nusu. Umesimama. Tiki, tiki. Umesogea. Umesimama.

Divine yuko mlangoni, amevaa viatu vipya vinavyombana. Hajui tunangoja nini.

Nehemiya ameisikia tiki. Amesogea, ameweka mkono kwenye kaunta.

— Mama Georgette, wachia tu. Rudisha ile kazi ya bote. Bantu ni bengi mule ndani, usibapoteze juu yangu.

Nimemwambia akae. Hakukaa.

Honi! Wanaita majina. Mstari umesogea tena — kidogo — bado. Nehemiya anatafuta mfuko wa karatasi zake za safari, ambao bila huo hapandi basi. Anaangalia chini ya benchi. Anaangalia nyuma ya mlango. Anamuuliza Divine.

Hauoni. Nimeukalia.