Mkono wa Yusufu

Jumamosi, Biharamulo mjini. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi sijatoka ila kwenda hospitali na kurudi. Sina hamu hata ya chai.

Niandike tu, nisije nikajidanganya: nimemuumiza mtoto wa watu.

Mchana nafundisha hisabati, jioni besiboli, mchezo ambao nusu ya walimu wenzangu wanauita rede ya wavulana, kwa kuufananisha na ule mchezo wa wasichana wa kukwepa mpira. Mrushaji ndiye roho ya timu. Mpira wake ukienda taratibu, mpigaji wa upande wa pili anajipigia anavyotaka. Basi kila Ijumaa nawapima kasi warushaji wangu kwa saa ya simu, na matokeo nayabandika darasani.

Wa kwanza siku zote ni Masanja, wa Nyamahanga. Wa mwisho ni Yusufu, ambaye mama yake ana duka la vitenge sokoni. Wote wako kidato cha pili. Mwezi uliopita nilimwambia Yusufu mbele ya darasa kwamba mkono wake ni wa kukorogea uji, amtazame mwenzake. Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, tena sana.

Jana mazoezini alirusha mara moja, akachuchumaa ameshika kiwiko. Leo asubuhi nikawapitia yeye na mama yake twende hospitali. Aliniamkia shikamoo, akanipa mkono wa kushoto huku akiomba radhi kwa kuutoa.

Daktari alikibonyeza kile kiwiko, akaangalia picha, akaniuliza mtoto ana miaka mingapi.

"Yuko kidato cha pili," nikajibu.

"Sijauliza darasa, mwalimu. Nimeuliza umri."

Sikuwa najua. Mama yake ndiye aliyesema: kumi na nne.

Daktari akatueleza polepole. Mifupa ya Yusufu bado inakua, na kwenye maungio bado ni laini. Kasi ya mkono huja na mwili: mabega yakipanuka, miguu ikikaza, uzito ukiongezeka, kila mwaka unaleta ya kwake. Kurusha mara nyingi zaidi hakuuharakishi huo mwaka. Apumzike miezi kadhaa, na kama atarusha tena, tutaona.

Na Masanja? Masanja ana miaka kumi na tisa. Alichelewa kuanza darasa la kwanza kwa sababu familia yao ilipohamia huku kutoka Shinyanga, yeye ndiye aliyekuwa akichunga ng'ombe. Wa namna yake wapo kila darasa. Kule kwetu Mbuba mimi mwenyewe nilisoma la saba na mtu mwenye mchumba! Masanja nimemwona bwenini akinyoa ndevu. Lakini kila nilipoishika ile saa, nilichokiona ni kidato cha pili tu.

Halafu kuna hili, ambalo ndilo linanikaba.

Tulipotoka, mama yake alinishukuru. "Mungu akulipe, mwalimu. Huyu mtoto haambiliki. Kila alfajiri yuko nyuma ya nyumba, pu! pu! ukutani, nimekataza mpaka nimechoka. Sijui nani kamtia wazimu huu."

Niliinama, nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

Yusufu alinitazama, kisha akamgeukia mama yake. "Ni mimi tu, mama. Nilitaka kujaribu."

Mama akaninunulia soda kwa wema wangu. Nikaipokea. Nikaimaliza yote, nimesimama pale na tai yangu shingoni.

Nimeona aibu nyingi maishani, lakini nyingi niliziona kwa sababu watu walijua. Hii hakuna anayeijua ila mimi na yeye, na inaniunguza zaidi.

Kesho nikitoka kanisani naenda kwao. Nitamweleza mama yake nilichokisema darasani, neno kwa neno, Yusufu akiwapo anasikia. Akinifukuza, anifukuze. Afadhali hivyo kuliko mtoto wa miaka kumi na nne kuendelea kunibebea kosa langu.