Mkwe Wangu Yuko Wodi ya Wanaume

Jumatatu, 3 Machi

Nefro ni figo. Hepato ni ini. Kadio ni moyo. Kesho orodha nyingine, na hii ya leo bado haijakaa kichwani. Nimeibandika juu ya kitanda, naisoma nikipiga mswaki. Mvua haijakatika tangu jana. Hosteli inavuja palepale ilipovuja wiki iliyopita.

Madam Zuhura anasema neno la kitabibu lina mwanzo, mzizi na mwisho. Ukijua kulivunja, hakuna litakalokushinda. Katoka Tanga huyu mama. Kiswahili laini, maksi za kubana. Wenzangu wengi wamemaliza shule juzi tu. Wananiita Mama Lugano hata darasani. Kuna siku nawachukia.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio. Nimekuwa wa pili. Aliyenishinda hana mume, hana mtoto, hana mpunga wa kupalilia Jumamosi.

Mchana wodini. Bibi mmoja wa Matema amelala, daktari na nesi wanaongea juu yake. Alikuwa anageuza shingo, mdomo huu, mdomo ule. Ini lake ndilo lililokuwa linajadiliwa. Alipouliza akaambiwa atapona tu. Mimi nilielewa kila neno. Hatapona.

Madam alituambia maneno haya yapo ili waganga wa dunia nzima waelewane. Sawa. Hakusema kwamba yanafaa pia kumfungia mtu nje ya mwili wake mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Busale, nyumbani. Barabara ni tope tupu.

Mama mkwe anasema Mkwe alijichoma na kisiki shambani kwenye kakao, karibu mwezi sasa. Kidole cha mguu hakifungi. Wanaweka majani. Nilipopita nyuma ya chumba chake nikapata harufu. Harufu ile naijua, tumefundishwa.

Sikuingia. Siwezi kuingia. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamtazami, hasemi naye, jina lake halitamki. Wengi siku hizi wameacha. Nyumba hii haijaacha. Nimeolewa miaka tisa na sijawahi kumtazama usoni. Akitokea njiani, naingia kwenye migomba mpaka apite. Hata hapa, ambapo hakuna anayesoma, naandika Mkwe.

Na ni yeye aliyenipeleka chuo cha afya. Mume wangu Gwamaka alikataa, akasema mke akisoma anaota pembe. Mkwe akatuma neno kwa mama: huyo binti aende. Likaisha.

Nimemwambia Gwamaka ampeleke baba yake hospitali leo leo. Akaniuliza nimekuwa daktari lini. Akarudi Kasumulu, mpakani, kwenye malori yake.

Jumanne, 11 Machi

Wamemleta hatimaye. Sukari iko juu sana, hakuna aliyewahi kumpima. Wamemlaza wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Wodi yangu ya mafunzo.

Nimemwomba Madam anihamishie kwa watoto. Nikaeleza sababu. Akasema anaheshimu mila za watu, ila wodini mgonjwa ni mgonjwa. Kwao Tanga mkwe anapikiwa na kuandaliwa, hawezi kuelewa.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya.

Daktari alipita na sisi wanafunzi nyuma yake. Mimi nilisimama nimeelekea dirishani. Akauliza tishu iliyokufa inaitwaje. Akanitaja mimi. Nikajibu: nekrosisi. Mkwe aliposikia sauti yangu akajifunika shuka mpaka kichwani. Hiyo ni heshima yake kwangu. Wenzangu walidhani anaona baridi.

Matibabu? Nikajibu: amputesheni, chini ya goti. Daktari akasema safi sana. Nimemkata mguu baba mkwe wangu mbele ya watu kumi, kwa lugha asiyoijua, nikasifiwa.

Kisha Madam akataka nimwasilishe mgonjwa. Anza na jina. Nikasema, mzee wa kitanda cha dirishani. Jina, akasema. Sikulitamka. Wakacheka. Bupe wa darasa letu ni wa hukuhuku Kyela, anajua vizuri kwa nini. Akatazama viatu vyake. Nimepewa sifuri.

Jioni Gwamaka alifika. Daktari akamweleza kwa Kiswahili kizuri tu: mguu unakatwa Ijumaa, usipokatwa sumu itapanda mwilini. Akamwomba amweleze mzee kwa Kinyakyusa, maana homa imempotezea Kiswahili. Gwamaka akaingia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Akamwambia baba yake: watasafisha kidonda. Mzee akasema ndaga, asante. Akaweka dole gumba kwenye fomu ya kukubali upasuaji.

Nilimfuata nje. Akasema baba akijua atakataa, na yeye anataka baba awe hai. Nami nataka awe hai. Ndiyo maana nimekasirika hivi.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi nilimwambia Madam. Mambo ya familia, akasema, ongea na mumeo. Nikamwambia mama mkwe. Akalia, akasema mwanangu amekwisha kusema, mimi niseme nini tena?

Kumbe wote tunajua isipokuwa mwenye mguu.

Saa ya kuona wagonjwa ilipoisha nikaenda nikasimama upande wa pili wa pazia. Nikampa mgongo. Nikauambia ukuta, kwa Kinyakyusa, kwamba kesho si kusafisha. Kesho ni kukata.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaacha hata kukohoa. Kisha Mkwe naye akauambia ukuta:

"Huyo anayesema, aulizwe. Wanakata wapi?"

Chini ya goti.

"Wasipokata?"

Kichwani yalikuja maneno yote ya Madam, marefu, masafi. Nikayaacha. Nikasema: mtu huyo atakufa.

Hakuuliza tena. Nilitoka. Ni mara ya kwanza tumeongea, na nimeongea naye hilo.

Ijumaa, 14 Machi

Amekataa. Walipokuja na kitanda cha magurudumu akakaa wima akasema anakwenda kwake na miguu yake yote. Daktari alimbembeleza, akagomba, akachoka. Wakampakia kwenye bajaji.

Gwamaka hakuhitaji kuuliza ni nani aliyemwambia. Alinivuta nyuma ya jengo la kufulia. Umemuua baba, akasema. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kwamba chuo ndicho kilichoniharibu. Kwamba nimevunja mila ya kwao ili nionekane msomi.

Madam naye amenipa onyo. Mwanafunzi hamwelezi mgonjwa chochote, hiyo ni kazi ya daktari. Nilitaka kumuuliza, je, daktari alimweleza nani? Leo nimesema ya kutosha.

Na kama Gwamaka ana haki? Naliandika hapa swali hili kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuliweka.

Jumanne, 18 Machi

Mama mkwe amepiga simu. Homa kali, weusi umepanda juu ya kifundo. Siku zote hizi mzee hajamjibu mwanawe neno moja. Leo amesema atarudi hospitali. Sharti moja: aelezwe na yule wa ukutani.

Jumatano, 19 Machi

Nimeeleza. Pazia katikati, mgongo wangu kwake. Daktari anasema sentensi moja, mimi naupa ukuta kwa Kinyakyusa, ukuta unajibu. Madam alisimama pembeni, hakunikatiza. Sasa ni juu ya goti. Goti lingebaki Ijumaa ile, leo haliwezekani tena. Hilo nalo nilimwambia, ingawa hakuna aliyenituma.

Akakubali palepale. Kisha akamwita Gwamaka karibu.

"Mguu ningeutoa, mwanangu. Mwenye akili hang'ang'anii kidole kilichooza. Nilikataa kuibiwa. Ungeniuliza tu."

Gwamaka alitoka nje. Nilimkuta kibarazani. Akasema ningenyamaza, goti lingekuwepo. Nikasema naye angesema ukweli, goti lingekuwepo. Tukatazamana. Wote wawili tuko sawa, na hakuna aliye tayari kuanza kuomba radhi.

Alhamisi, 20 Machi

Amekatwa. Yu hai.

Jumanne, 25 Machi

Mtihani wa mwisho wa terminolojia. Kulikuwa na swali la kueleza hatua za kukata kiungo. Nimejaza ukurasa mzima. Madam amenipa maksi ya juu darasani na kusema nina kipaji. Ile sifuri bado ipo. Sijisikii kitu.

Gwamaka analala Kasumulu wiki ya pili sasa. Salamu anazituma kwa Lugano. Binti wa miaka saba ndiye mkalimani wetu.

Jumapili, 6 Aprili

Busale. Mvua imepumzika tangu asubuhi. Mkwe yuko nyuma ya nyumba na ndugu zake, nawasikia wakibishana habari za kakao. Wifi zangu walikuja, wakasalimia kila mtu, mimi wakanipa mkono bila maneno. Chakula nilichopika walikila.

Walipoondoka nilikaa na mama mkwe jikoni tukipepeta mchele. Kisha akaweka ungo chini, akasogeza mlango ukajifunga. Akachukua mkono wangu, akauingiza ndani ya blauzi yake, upande wa kushoto, karibu na kwapa.

Bonge gumu. Halisogei. Ngozi ya juu imevutika kwa ndani.

Akasema lipo tangu kabla ya Krismasi. Hajamwambia mumewe wala mwanawe. Wao watamwambia ni jipu.

"Niambie wewe," akasema.

Nikamwambia kwamba sijui mpaka wapime. Nikamwambia pia kwamba huenda ni kansa, na kwamba tutakwenda Jumanne asubuhi, mimi na yeye, kabla ya darasa langu. Akatikisa kichwa kukubali, akajifunga khanga vizuri. Akaniuliza kama daktari wa huko ni mwanamke. Nikasema nitauliza.

Tukamaliza mchele uliobaki.