Kumbukumbu ya Masele, Mleta Chumvi wa Mhunze

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu punda wako warudi kutoka ziwa Eyasi, nawe ukiwafuata nyuma umeshika kisogo. Siku ya nne ulikuwa umetutoka. Tunakuandikia leo kwa sababu ya siku yenyewe, na kwa sababu kuna jambo mama yetu Nyamizi alilificha mwaka mzima akiogopa, na sasa anataka ulisikie mbele ya watu.

Watu wanakukumbuka kwa chumvi. Kila kiangazi ulikwenda ziwani na punda sita, ukarudi midomo imepasuka na viatu vimekwisha, kisha ukapeleka mzigo hadi kwa wachimba dhahabu wa Mwakitolyo. Ulipima kwa kikombe cha bati, ukaongeza kiganja kimoja, na kwa mjane viganja viwili. Ukiulizwa sababu, ulisema punda hawajui kuhesabu. Mfukoni hukukosa bonge la chumvi, ukililamba huku ukipiga soga kama mtoto mwenye pipi. Asubuhi ulimwamkia kila mtu "Mwangaluka," hata wale uliogombana nao jana yake, na hilo liliwaudhi zaidi.

Unakumbuka Nyamizi alipojifungua Esta, mdogo wetu wa mwisho. Akisimama tu, macho yanaingia giza, na siku moja akaanguka kisimani. Ulimpandisha juu ya punda ukampeleka dispensari ya misheni. Januari, dresa anayetibu wagonjwa pale, alimfunga kitambaa mkononi, akabinya mpira, na zebaki ikapanda kidogo tu kwenye bomba la kioo. Wewe ulikuwa unaijua zebaki kwa wachimbaji.

"Kule inakamata dhahabu," ulimwambia. "Kwa mke wangu inatafuta nini?"

"Inatafuta nguvu ya damu, mzee. Ya mama iko chini. Anywe maji mengi, aongezewe chumvi kidogo, na asiinuke kwa haraka."

Akapona. Nawe ukatangaza Mwakitolyo nzima kwamba chumvi yako imemfufua mkeo. Tangu hapo, nyumbani kwetu kizunguzungu kilikuwa na dawa moja tu, nayo ni kibuyu cha maji ya chumvi.

Kwa hiyo uliporudi mwaka jana, kichwa kinagonga, unaona vimulimuli mchana na nyumba inazunguka, Nyamizi hakubabaika. Alikoroga kibuyu. Alidhani anajua anachofanya. Asubuhi ulikunywa kimoja, jioni kimoja. Siku ya pili alikuambia, "Twende kwa Januari." Ukamjibu, "Nikafuate nini, na dresa wangu ninaye humu ndani?" Alicheka, na kicheko hicho ndicho kinachomuuma kuliko vyote. Siku ya tatu mchana, ukihamisha magunia mlangoni, mdomo wako ulikwenda upande na mkono wa kulia ukaachia gunia. Hukusema tena. Kesho yake, kabla ya saa sita, ulikata roho kichwa kikiwa mapajani mwake.

Siku ya matanga Januari alikuja kutupa pole. Alikaa na wanaume akawaeleza kwamba inaelekea ilikuwa presha ya juu, damu inayosukuma mno ndani ya mishipa, hata mshipa wa kichwani ukapasuka. Mtu anaweza kutembea nayo miaka bila kujua. Kizunguzungu kinaweza kuwa cha presha ya juu au ya chini, alisema, na bila kupima hata yeye hawezi kujua. "Ila mwenye presha ya juu asizidishiwe chumvi. Inamwongezea." Nyamizi alikuwa nyuma yake akigawa maji, na alisikia kila neno. Akaviweka vikombe chini akaingia ndani, watu wakasema ni uchungu wa mume.

Hakumwambia mtu. Alituogopa sisi watoto wake, aliwaogopa ndugu zako, na kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Aliacha kabisa chumvi. Nsansa, ile mboga yako ya majani makavu, ilikuja haina ladha, nasi tukanung'unika kwamba nyumba ya mleta chumvi inakula majani kama mbuzi. Tulidhani ni majonzi tu. Kumbe alikuwa anajiadhibu. Macho yakaanza tena kumwingia giza akisimama, akawa anashika ukuta na kunyamaza.

Mwezi uliopita Donatus, mkubwa wetu aliyerithi punda wako, aliingia uani ameshika kisogo vile vile. "Kichwa kinagonga," alisema. "Naona nyumba inazunguka." Klara mkewe, aliyejifunza kwa mama mkwe wake, akaingia ndani akakoroga kibuyu. Nyamizi alikuwa anapeta mtama. Alipoona kibuyu kinakaribia mdomo wa mwanawe, aliutupa ungo, akakipiga kibuyu kwa mkono, kikapasuka chini.

"Mama, kuna nini?" Klara aliuliza.

"Msimpe hiyo. Baba yenu nilimpa hiyo hiyo. Siku tatu nilimpa kwa mkono wangu, nikamuua."

Donatus alimtazama, naye akainamisha macho akisubiri. Kisha Donatus akainuka taratibu, akamshika mkono. "Twende kwa Januari," alisema. "Wote wawili."

Zebaki ya Donatus ilipanda, ikazidi kupanda, na Nyamizi aliikazia macho akiiomba isimame. Ilisimama juu sana. Januari alimpa vidonge, akamkataza chumvi, akamkataza safari ya Eyasi mwaka huu, akamtaka arudi kila Jumamosi. Kisha akampima mama. Yake ilikuwa chini, chini kuliko wakati ule wa Esta.

Hapo Nyamizi akamweleza habari ya kibuyu. Januari hakumdanganya. "Haikumsaidia, mama. Lakini mshipa ule haukuchoka kwa siku tatu. Inaelekea mzee alitembea na presha hiyo miaka. Siku ile alipokuleta, na mashine ninayo mkononi, sikumpima na yeye." Akakunja kitambaa cha mashine. "Wewe rudia chumvi yako." Nyamizi alitikisa kichwa. Hilo hakulikubali.

Hatutakuficha, Baba, tunaogopa. Siku nyingine Donatus huamka na kisogo kizito. Klara humtazama mdomo kila anapozungumza, aone kama umekwenda upande. Esta ameanza kuuliza ni nani atakayefuata.

Jumapili hii, baada ya misa yako, tulikula pamoja uani. Vyungu vilikuwa viwili, cha chumvi na kisicho na chumvi. Donatus alipakuliwa kutoka kile kisicho na chumvi, na Nyamizi akajipakulia humo humo. Donatus akainuka, akaenda kwenye msumari lilipo koti lako, akatoa mfukoni lile bonge ulilolibakiza. Akalikwangua kwa kisu juu ya mboga ya mama yake, mbele ya ndugu zako wote, kidogo, kisha kidogo tena.

"Kula, mama," alisema. "Hii ni ya baba."

Alikula akilia, na sahani akaimaliza.

Wanaokukumbuka ni mkeo Nyamizi, wanao Donatus, Serafina na Esta, mkweo Klara, ndugu yako Mageni na nyumba yake yote, na punda sita ambao mwaka huu wanakula bure.

Tutakukumbuka daima, Baba. Bonge lako tumelirudisha mfukoni.

Mhunze, Agosti 1957